Bonyeza pampu ya mkono kwanza, kabureta baadaye

Mashine ya boti ikizima nje ya kisiwa cha Ulenge, Tanga, cha kushika kwanza ni nanga, si bisibisi. Kusi likivuma linakusukuma kwenye mwamba, na mkondo wa bamvua haungoji mtu amalize kufungua kabureta. Boti ikitulia ndipo utafute ugonjwa.

Nazungumzia mashine ndogo za kuchanganya oili, za nguvu farasi 9.9, 15, 25 na 40, ambazo utazikuta kwenye fukwe za Tanga kama Deep Sea, Sahare na Kigombe: tangi la kubebeka la lita 24 au dumu, mpira mmoja wa mafuta, pampu ya mkono, yaani kile kibofu cha kubonyeza, katikati. Njia ya mafuta ni fupi. Tangi, mpira, pampu ya mkono, kiungio cha mashine, chujio, pampu ya mashine, kabureta. Ugonjwa mwingi umekaa kabla ya kiungio, yaani sehemu ambayo nusu yake hata spana haitaki. Lakini watu hukimbilia kabureta, labda kwa kuwa ndiyo inayofanana na kazi ya fundi. Kabureta nzima inafunguliwa baharini, sindano inadondoka kwenye ngama, kule chini ndani ya boti, na sasa matatizo yamekuwa mawili.

Kuna sababu nyingine ya kutofanya papara. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili haina njia yake. Inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua nayo, na petroli kidogo kwenye hewa nyingi huwaka kwa joto kali zaidi. Mashine inayokosa mafuta huku umevuta resi yote ndiyo inayokwaruza pistoni na kushika, yaani kukwama kabisa. Dalili yake huwadanganya wengi: kabla ya kufa, sauti hupanda kidogo, kana kwamba mashine imepata nguvu mpya, kisha inalegea. Ukisikia hivyo, rudisha resi mara moja. Usiongeze.

Kwanza hakikisha ni mafuta kweli. Angalia ile kamba nyekundu ya kuzimia, maana klipu yake ikichomoka hata kidogo mashine haiwaki, na watu wamewahi kumaliza saa nzima kwenye kabureta kwa sababu ya klipu. Kisha kumbuka ilivyozima. Umeme ukikatika, mashine hufa ghafla, kama taa. Mafuta yakikosekana, hufa kwa kusuasua: inalegea, inapanda, inalegea tena, ndipo inazima. Chomoa plagi uitazame. Kama umevuta kamba mara sita, choki ikiwa imefungwa, na plagi imetoka kavu, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, pengine kupita kiasi, au yanayofika ni maji.

Muda nao unasema mengi. Bakuli la kabureta linabeba mafuta kidogo sana. Mashine ikiwaka vizuri na kuzima ndani ya dakika moja, imekula ya bakuli tu na hakuna kilichofuata. Ikienda dakika tano au kumi ndipo izime, halafu ikiachwa kidogo inawaka tena, fikiria tangi ambalo halipumui. Ikienda vizuri tangi likiwa limejaa na kuanza kukata likifika nusu, ule mrija wa kufyonzea ndani ya tangi umepasuka kwa juu: kadiri mafuta yanavyoshuka, ufa unabaki hewani na pampu inavuta hewa badala ya mafuta.

Sasa pampu ya mkono. Wengi wanaitumia kuwashia mashine asubuhi basi, kumbe hicho ndicho kipimo chako cha kwanza. Ndani yake mna vali mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, zote zinaruhusu mafuta kwenda upande mmoja. Mshale ulioko juu yake uelekee mashine. Ukiibonyeza, isimamishe wima, mshale ukitazama juu, ili vali zikae sawa. Ikiwa imelala, mara nyingi inabonyea tu bila kusukuma kitu.

Bonyeza mara kumi hadi kumi na tano. Ikiwa nzima, itakuwa ngumu na itakaa ngumu. Isipokuwa ngumu kabisa, ama inavuta hewa kutoka upande wa tangi, ama vali zake zimekufa, ama mafuta yanapita mpaka kwenye kabureta na kumwagika. Hiyo ya mwisho inajulikana kwa pua: petroli itanuka ndani ya kava na utaona mafuta yakitiririka kwenye mdomo wa kabureta. Ikiwa ngumu papo hapo, baada ya kubonyeza mara moja au mbili, na bakuli la kabureta lipo tupu, kuna kizuizi mbele: kiungio hakijaingia vizuri, chujio limeziba, au sindano ya boya, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, imeganda.

Halafu itazame mashine ikiwa inaunguruma. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Pampu ya mkono ikilegea kidogo wakati mashine inafanya kazi, hiyo ni kawaida, kwa sababu pampu ya mashine inayavuta mafuta. Usikimbilie kununua mpya. Tatizo ni pale inapobonyea yenyewe na kuwa bapa kama chapati. Hapo mashine inavuta na nyuma hakuna kinachokuja: tundu la hewa la tangi limefungwa, chujio la ndani ya tangi limeziba, au mpira umejikunja. Na kama ukibonyeza kwa mkono mashine inaendelea, ukiacha inalegea, basi kuna hewa inayoingia njiani au pampu ya mashine imechoka.

Tundu la hewa ndilo la kutazama kwanza, kwa kuwa ni bure. Kwenye mfuniko wa tangi kuna skrubu ndogo; unapokwenda baharini ifungue, unapobeba tangi ifunge. Ukitaka uhakika, legeza mfuniko wote mashine ikiwa inasuasua. Ukisikia tangi likivuta pumzi na mashine ikapata nguvu, umemaliza kazi. Tatizo lipo zaidi kwenye madumu. Mtu anatia kipande cha nailoni chini ya mfuniko ili dumu lisivuje, na hapo amelinyonga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vipande vyake kwenye mifuniko ya madumu bado vipo. Kama unatumia dumu, toboa tundu la milimita mbili kwenye mfuniko na uweke namna ya kuliziba unapolibeba. Ncha ya mpira iliyoko ndani ya dumu ikatwe mshazari, kama kalamu ya mwanzi. Ikikatwa bapa hunasa kwenye sakafu ya dumu na kujiziba yenyewe.

Baada ya hapo, mpira na viungio. Mvujo wa mafuta unaonekana, mvujo wa hewa hauonekani. Mpira ulio upande wa kuvuta unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone moja nje. Ujanja ni kuugeuza uwe upande wa kusukuma: chomoa kiungio upande wa mashine, bonyeza pampu mpaka iwe ngumu kabisa, kisha pitisha kidole kikavu kwenye kila kiungo kuanzia pampu kwenda mbele. Penye unyevu ndipo hewa inapoingia mashine ikivuta. Kipande cha kutoka tangi hadi pampu hakipati msukumo huo, kwa hiyo kikague kwa macho na mikono: kunja kila sehemu ya karibu na klipu, utafute nyufa.

Kwenye kiungio cha mashine mna oringi ndogo, yaani pete ya mpira ya kuzibia. Petroli na jua huifanya igande na kupasuka. Ni kitu cha bei ndogo sana, na ndicho kinachowarudisha watu kwa makasia. Usiipake grisi ukidhani itaziba, ibadilishe.

Njia nzuri kuliko zote ya kuiona hewa ni mpira wa uwazi. Kata kipande cha sentimita 15, kipenyo cha ndani sawa na mpira wako, ambao mara nyingi ni milimita 6 kwa mashine ndogo na 8 kwa kubwa kidogo. Kifunge kwa klipu kati ya pampu ya mkono na mashine. Washa, vuta resi kidogo, tazama. Vipovu vichache mwanzoni si neno. Mstari wa vipovu usiokoma maana yake hewa inaingia nyuma ya hapo. Kaza au shika kiungo kimoja kimoja kuanzia kwenye tangi. Vipovu vikikatika, umekipata. Ukimaliza, toa kipande hicho. Mpira wa uwazi wa kawaida hugandishwa na petroli na haufai kukaa hapo kwa wiki kadhaa.

Kuhusu mipira ya kubahatisha sina lugha ya kubembeleza. Mpira wa bustani, mpira wa gesi ya jikoni, na kufunga kwa waya au utepe wa tyubu ya baiskeli, vyote vina siku yake. Mpira usio wa petroli huchambuka ndani huku nje ukionekana mzima. Ngozi ya ndani inalala na kuwa kama mlango, unaruhusu polepole lakini ukivuta kwa nguvu unafunga. Dalili yake ni mashine inayokwenda vizuri mwendo mdogo na kukosa pumzi ukivuta resi. Nunua mpira wa mafuta, mita mbili zinatosha boti nyingi, na klipu za stenlesi. Klipu za chuma cha kawaida hazimalizi msimu kwenye maji ya chumvi.

Kama huna hakika bado, badilisha upande wote kwa mpigo: azima tangi na mpira wa mwenzako ambao unajulikana ni mzima, chomeka, twende. Mashine ikienda vizuri, kabureta yako haina kosa, rudi kwenye tangi lako. Ikiendelea kusuasua, ndipo kava linafunguliwa.

Lakini kabla ya hapo, maji. Boti zetu ni wazi, mawimbi yanaruka, masika yananyesha, na madumu yanasuuzwa baharini. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hulala chini kabisa, pale pale mrija unapofyonza. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyokauka, vuta mafuta kutoka chini ya tangi, iache imetulia dakika kumi na tano. Oili huipa petroli rangi, kwa hiyo maji utayaona: tabaka jeupe chini, au matone yanayobingirika ukiinamisha chupa kama zebaki. Usifyonze kwa mdomo. Petroli ikishuka kwenye mapafu ni hatari kuliko ikienda tumboni, tumia pampu ya mkono yenyewe.

Ukikuta maji, kumwaga ya tangi peke yake hakutoshi. Kuna maji kwenye mpira, kwenye kikombe cha chujio na kwenye bakuli la kabureta. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kutolea. Weka kizibo cha chupa chini yake, ilegeze, tazama kinachotoka. Safi? Funga, bonyeza pampu, toa tena, mara mbili tatu. Maji ya chumvi yakiachwa humo siku mbili tatu huacha unga mweupe kwenye aluminiamu na kutu ya kijani kwenye jeti za shaba, vile vijitundu vinavyopima mafuta, na hapo kazi ni ya kufungua kila kitu. Mafuta yaliyotoka yatie kwenye dumu lake, yasirudi baharini. Mikoko na kambakochi havina pa kuhamia.

Chujio la mashine liko ndani ya kava, kikombe cha uwazi. Kifungue kwa mkono, suuza wavu kwa petroli safi, tazama oringi yake. Uchafu uliomo unakusimulia ulikotoka: mchanga ni wa tangi, vipande vyeusi vyembamba ni mpira unaochambuka, nyuzi ni kitambaa alichotumia mtu kuchujia.

Pampu ya mashine haina umeme. Ni ngozi nyembamba inayopigwa na msukumo wa hewa kutoka ndani ya injini, ikiwa na vali mbili ndogo pembeni. Kuipima, chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kabureta, uelekeze kwenye chupa, chomoa klipu ya kuzimia ili mashine isiwake, vuta kamba mara kadhaa. Mafuta yatoke kwa kuruka, pu, pu, pu. Usibonyeze pampu ya mkono wakati wa kipimo hiki, kwa sababu msukumo wa mkono hupita kwenye pampu hata kama imekufa, na utaitangaza nzima. Isipotoa, chora mstari wa penseli ubavuni kabla ya kufungua skrubu, ili vipande virudi vilivyokuwa. Inua ngozi uitazame kwenye mwanga wa jua. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuiua, tena petroli itapita hapo na kuingia moja kwa moja kwenye injini, kwa hiyo silinda moja italowa plagi kila mara. Gasketi ziwekwe kavu. Silikoni hulainishwa na petroli, ikameguka, na vipande vyake vinaishia kwenye jeti.

Kama ni pampu ya mashine na upo nje, unaweza kurudi: mmoja ashike usukani, mwingine abonyeze pampu ya mkono kila inapolegea, resi isizidi theluthi moja. Polepole. Si siku ya kushindania soko.

Sasa kabureta, na iwe nchi kavu, juu ya kitambaa cheupe au sinia. Mashine isiyotulia mwendo wa chini, inayotaka choki kila wakati, ina jeti ndogo iliyoziba. Inayotulia chini lakini haipandi ina jeti kubwa iliyoziba. Mafuta yakimwagika, tazama sindano ya boya: ncha yake ikiwa na mduara uliochimbika, haifungi tena, ibadilishe. Boya litikise sikioni. Ukisikia mafuta yakichezacheza ndani, limetoboka.

Ile skrubu ya hewa ya pembeni, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko. Andika. Ndivyo itakavyorudi. Jeti zitolewe kwa bisibisi inayojaza mfereji wake, kwa sababu shaba ni laini na kichwa kikiharibika hutoki hapo. Kuzibua, usitumie waya wala pini: tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimebadilika moja kwa moja. Tumia mshipi wa nailoni mwembamba, ambao mvuvi hakosi, na petroli safi. Upepo wa kwa fundi pancha ni mzuri, lakini toa boya na sindano kwanza. Jeti inyanyue kwenye mwanga. Uone duara kamili, lisilo na ukungu pembeni.

Mchanganyiko ufuate kitabu cha mashine yako. Nyingi za aina hii ni hamsini kwa moja zikishazoea: mililita 20 za oili kwa lita, yaani 400 kwa dumu la lita 20 na 480 kwa tangi la lita 24. Mashine mpya mara nyingi hutakiwa ishirini na tano kwa moja saa za mwanzo, yaani 800 kwa dumu. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa si kipimo. Tafuta chupa yenye alama. Oili iwe ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3, siyo ya pikipiki, maana mashine inayopozwa kwa maji ina mahitaji yake na ile ya pikipiki huacha majivu kwenye plagi. Tia oili na lita chache kwanza, tikisa, ndipo ujaze. Dumu lililokaa usiku kucha litikise tena.

Mafuta ya zamani ni ugonjwa mwingine usioonekana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wapo wanaojaza madumu kabla haijapanda, kisha kusi linachachamaa na boti inakaa ufukweni wiki sita. Petroli iliyochanganywa ikizidi mwezi mmoja kwenye dumu lisilofunga vizuri huanza kuwa nzito na kuacha gundi kwenye jeti. Ukijua boti italala, mwaga bakuli la kabureta kwa ile skrubu ya chini.

Ukifika ufukweni chomoa mpira kwenye mashine. Tangi likiwa juani huvimba, na msukumo wake unalazimisha mafuta kupita sindano ya boya mpaka ndani ya injini. Kesho yake utavuta kamba hadi bega liume. Asubuhi, fungua skrubu ya hewa ya tangi kwanza, sikiliza ule mlio wa pumzi, ndipo uchomeke. Na kwa wenzetu wa dagaa wanaofanya kazi usiku: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini ndani ya boti usipouona, kwa hiyo karabai na sigara vikae mbali, na kava lifunguliwe kwa mwanga wa tochi.

Kopo la kwenda nalo lisipitwe na haya: pampu ya mkono ya akiba, mpira mita moja, klipu nne za stenlesi, oringi mbili za kiungio, plagi mbili na spana yake, bisibisi bapa na ya nyota, kile kipande cha mpira wa uwazi, na chupa tupu kavu yenye kizibo.